Mtani Alilia Kama Ng'ombe

Ndugu wasomaji, mabibi na mabwana, wazee wa pande zote mbili za barabara ya Morogoro! Mimi, Juliana binti Masanja, mwanafunzi wa kidato cha tano na kiongozi wa nidhamu wa bweni la wasichana, natangaza leo kwa heshima na taadhima kwamba nimeacha uongo.

Cheo cha nidhamu nilivuliwa muhula uliopita. Na uongo wenyewe sikuuacha. Nilinyang'anywa, uani kwetu Picha ya Ndege, Kibaha, mbele ya beseni la maji ya chumvi.

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita: nilirudi likizo ya Desemba nikitegemea kulala. Nikakuta baba yangu na rafiki yake, Anko Badru wa Kisarawe, wamepatwa na ugonjwa mpya uitwao vakesheni. Familia mbili zinakwenda kisiwani Mafia. Watoto wadogo ni watatu: Kulwa na Doto, wadogo zangu mapacha, ambao wakinyamaza ujue kuna kitu kinaungua, na Hamidu, mtoto wa Anko Badru, ambaye anang'ata. Yaya wa wote watatu nikateuliwa mimi, bila kupigiwa kura. Nilipokataa, baba akasema kisiwani hakuna demokrasia.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikilizeni jinsi watu wazima wanavyopanga mambo.

Kikao kilikaa barazani kwetu. Baba alijipa uenyekiti. Mama alikuwa ameshafungua kundi la WhatsApp linaloitwa Kamati Kuu ya Mafia, na kwa kuwa kundi lilihitaji picha yenye maji, akaweka ile ya Kulwa na Doto wakiwa wachanga kwenye kivuko cha Ukerewe, tulipokwenda harusi ya mama mdogo. Ndiyo picha pekee ya maji tuliyonayo. Ikumbukeni hiyo picha. Wao hawakuikumbuka.

"Ajenda ya kwanza ni chakula," baba akasema. "Mimi nabeba gunia la unga."

"Mafia kuna unga, Masanja," Anko Badru akamwambia.

"Kuna pweza. Mimi sili kitu chenye mikono mingi kuliko yangu."

"Jamani, Msukuma na bahari wapi na wapi! Ukiiona tu utauliza josho liko wapi uogeshe ng'ombe."

"Afadhali mimi. Wewe Mzaramo ukipakiwa kwenye boti, utaiuza kabla hatujafika, halafu utuchezee ngoma ya kutuaga tukizama."

Wakapigana viganja, wakacheka mpaka Hamidu akaogopa.

Kwa asiyejua, Msukuma na Mzaramo ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akaondoka na jogoo wako, na ukinuna wewe ndiye mkosaji. Ni utaratibu mzuri sana. Kasoro yake ni kwamba baba na Anko Badru wameuzoea kiasi kwamba tangu wafahamiane, sijawahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake neno la kweli. Wanauziana simenti kwa matusi. Wanapeana pole kwa matusi.

Ajenda ya pili ilikuwa sare. Mama alitaka familia zote mbili zivae kitenge kimoja chenye samaki. Ajenda ya tatu ilikuwa usalama wa watoto baharini, na hapo Anko Badru akatoa mfukoni, kwa madaha ya mtu anayezindua meli, maboya ya plastiki yenye umbo la bata. Akayapuliza yote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akayapanga sakafuni. Hamidu akaja, akayang'ata moja baada ya jingine, akaondoka.

"Yatazibwa," Anko Badru akasema.

Ajenda ya mwisho ilikuwa mimi.

"Juli atalala chumba kimoja na watoto," Anko Badru akatangaza. "Sisi watu wazima asubuhi tunakwenda kuogelea na papa potwe, yule samaki mkubwa kama basi. Juli atabaki anabadilisha pampasi."

"Na kuosha vyombo," baba akaongeza.

Nikasema sawa. Wanaonijua bwenini wanajua kwamba nikisema sawa haraka namna ile, ni vizuri kufunga milango.

Nilikwenda jikoni kutuliza hasira kwa karoti. Nikamkuta Anti Mwamini, mke wa Anko Badru, anachuja uji wa watoto. Huyu ndiye mtu pekee katika safari ile ambaye sikuwahi kupata cha kumcheka. Kwao ni Mafia.

"Unajua, Juli, mama yangu hawezi tena kupanda boti," akaniambia. "Miguu imemkatalia. Hamidu anamjua kwenye simu tu. Juzi kalala ameikumbatia simu. Anadhani bibi yake ni simu."

"Kwa nini hamkwenda siku zote hizi, anti?"

"Kila nikimwambia baba yake, anasema mwakani. Mara mvua, mara dukani hakuna wa kumwachia. Safari hii amekubali kwa sababu ya baba yako. Hawezi kuvumilia Msukuma aende Mafia kabla yake." Akacheka kidogo. "Mama ameshaanza kumtafutia Hamidu jina la utani. Hii ikishindikana, Juli, sidhani kama kutakuwa na nyingine."

Nikamwambia haitashindikana. Nilimaanisha. Sikutaka safari ife. Nilitaka tu Anko Badru aaibike kidogo, kwa kiasi cha mtu mmoja, halafu twende zetu.

Nikarudi barazani na glasi ya maji kwenye sinia. Baba na mama walikuwa wameingia ndani. Anko Badru alikuwa peke yake anaziba bata.

"Asante, binti wa ng'ombe," akasema.

"Karibu, anko. Samahani, baba ameshakueleza habari ya mapacha?"

"Ipi?"

Nikainamisha kichwa kama mtu anayesoma tanzia. "Kwetu Usukumani mapacha hawavuki maji makubwa mpaka mtani wa baba yao awabebe mgongoni, mmoja mmoja, azunguke beseni la maji ya chumvi huku analia kama ng'ombe. Baba anaona aibu kukuomba. Anajua hutaweza."

Neno la hatari lilikuwa hilo la mwisho. Anko Badru akaweka bata chini.

"Masanja!" akaita. "Mbona umenificha habari ya mapacha?"

Baba akatokea mlangoni. "Habari gani?"

"Ya mtani kuwabeba. Beseni. Maji makubwa."

Baba akanitazama. Nikatazama dari.

Hapa inabidi niwaeleze habari za baba yangu. Aliletwa Kibaha akiwa mgongoni kwa mama yake. Ng'ombe anaowafahamu ni wale walioning'inizwa buchani. Kisukuma chake kinatosha kusalimia na kuagana, katikati anakohoa. Lakini kukiri mbele ya Mzaramo kwamba hajui mila ya kwao? Afadhali avuliwe suruali sokoni Mlandizi.

"Ah, hiyo," akasema taratibu. "Nilikuwa nasubiri wakati wake."

Nusura niangushe sinia.

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Ni kweli tupu. Na mtani anavaa kanga ya mkewe."

Wasomaji, kanga sikuitaja mimi. Hiyo ilitoka kwa baba, bure kabisa, kwa hiari yake.

Mama naye akatoa kichwa dirishani. Yeye amezaliwa Bariadi, nikajua sasa yamekwisha, atauliza. Mama akasema, "Na beseni liwe jipya. Bibi yangu alisisitiza sana beseni."

Bibi yake mama alifariki kabla mama hajazaliwa.

"Mzaramo hashindwi," Anko Badru akasema akijipiga kifua. "Jumamosi naja kulia."

Usiku ule nilicheka ndani ya mto. Sikujua kwamba baba, kwa kuogopa kukosea mila ambayo haipo, alikuwa amempigia simu Babu Mahona, ami yake anayefuga ng'ombe huko Kwala, aje kuisimamia.

Jumamosi mchana Anko Badru alisimama katikati ya uani kwetu, amejifunga kanga ya Anti Mwamini kuanzia kwapani. Beseni jipya, la rangi ya waridi, lilikuwa limejaa maji ya chumvi. Majirani walikuwa juu ya ukuta kama kunguru. Mama akamfunga Kulwa mgongoni kwa Anko Badru.

"Lia," baba akamwambia.

"Mmooo," Anko Badru akasema kwa aibu.

"Huyo ng'ombe ana mafua. Lia, mtani!"

"MMMOOO!"

Ukuta ukalipuka kwa kicheko. Kulwa akampiga visigino mbavuni kumwongezea mwendo. Katika duka la Anko Badru la vifaa vya ujenzi kule Kisarawe, watu huingia wakivua kofia. Mwangalieni mwenyewe sasa, jasho linamtiririka, anazunguka beseni akilia, huku Hamidu anamfuata nyuma akijaribu kumng'ata kisigino. Ilipofika zamu ya Doto, Doto akamaliza haja ndogo mgongoni kwake bila haraka, kama mtu anayepiga mhuri.

Nilikuwa nimeegemea mlango wa jiko, nimefurahi. Nakiri. Ningepewa cheti ningekipokea.

Ndipo bodaboda ikasimama getini, akashuka Babu Mahona na fimbo na redio yake.

"Mwadila!" akasalimia.

"Mwadila, babu! Shikamoo!" tukaitikia kila mtu kwa lugha aliyoiweza.

Akamtazama Anko Badru, kanga, beseni. Baba akamvutia kile kiti cha sofa ambacho sisi watoto haturuhusiwi kukikalia, akamletea soda, akamnong'oneza sikioni. Nikaona nyusi za babu zinapanda. Moyo wangu ukashuka. Huyu mzee amezeeka na ng'ombe, anajua mila zote. Sasa atasema haipo.

"Mzee, tusahihishe," Anko Badru akaomba, Doto bado mgongoni. "Tumekosea wapi?"

Babu akanywa soda. Jueni kwamba nyumba yetu humkumbuka babu tunapotaka maziwa ya bure. Hajawahi kuulizwa jambo hapa. Leo yuko kwenye sofa, watu wamekaa kimya, ukuta mzima unamtazama. Mtu aliyewekwa kwenye kiti kile hawezi kusema sijui.

"Mmekosea kila mahali," akasema.

Baba akamwongezea soda.

"Mtani amebeba kabla mzee hajafika. Nani kawaambia? Sasa mambo yamegeuka. Watoto hawa hawavuki maji yasiyoonekana ng'ambo mpaka wang'oke meno ya utoto."

"Yote?" mama akauliza.

"Yote."

Doto ana meno hayajamaliza hata kuota.

"Kwa hiyo Mafia..." baba akaanza.

"Mafia watakwenda wakiwa na akili zao," babu akasema, akawasha redio.

Nilisubiri mtu mmoja, mmoja tu, aseme huu ni upuuzi. Nilikuwa nimeleta kijiti, wao wameshaezeka nyumba. Na hakuna aliyethubutu, kwa sababu kila mmoja alikuwa amechangia tofali lake.

Anko Badru akamshusha Doto. "Basi. Mila ni mila," akasema. "Siwezi kupeleka watoto wa mtani wangu kwenye maafa. Tuahirishe. Mwakani, inshallah."

Alilisema haraka mno. Na kanga akaivua haraka zaidi.

"Sisi je?" Anti Mwamini akauliza kwa sauti ndogo. "Hamidu si pacha."

"Twende peke yetu tukafanye nini, Mama Hamidu? Nyumba tumeikodi pamoja, kila kitu pamoja. Nimesema mwakani."

Anti Mwamini akainama. Akaokota kanga yake chini, akaikung'uta. Akaikunja pembe kwa pembe, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akanitazama moja kwa moja, akaingia jikoni. Nikamfuata. Miguu ilikwenda yenyewe.

Alikuwa ameshika simu.

"Nataka nimpigie mama nimwambie asitandike kitanda," akasema. "Kabla sijampigia, njoo unisaidie kitu. Nyinyi mnasoma sana."

Akanionyesha picha ya kundi letu. Kamati Kuu ya Mafia.

"Haya ni maji gani?"

"Ziwa, anti."

"Ng'ambo inaonekana?"

"Haionekani."

"Na hawa walio kwenye kivuko, wachanga, hata meno hawana, ni akina nani?"

Nilitaka kusema wanafanana tu. Bwenini ningesema, na ningeaminiwa.

"Kulwa na Doto," nikajibu.

"Baba Hamidu hawezi kuitunga ile habari. Baba yako alishtuka alipoulizwa, nilimwona kupitia dirisha hili. Waliokuwa barazani ni Baba Hamidu na wewe na glasi ya maji." Akaweka simu juu ya benchi. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ningependa ingepanda. "Mila hii uliitoa wapi, Juli?"

"Kichwani."

"Kwa sababu ya pampasi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Likisemwa hivyo, lilikuwa jambo dogo sana na la kijinga sana.

"Mimi siwezi kutoka pale nje nikamwambia mzee wa Kisukuma kwamba mila yake haipo," akasema. "Nitaonekana sina adabu, na Baba Hamidu atapata sababu nyingine. Wewe ndiye uliyeanza. Nenda."

Nikatoka. Hamidu akanipita mlangoni mbio, amebeba kitu kifuani, sikukiangalia.

Nilikuwa nimeandaa utangulizi wa maana, wenye ndugu mgeni rasmi ndani yake. Nilipofika mbele ya beseni ukapotea wote.

"Baba. Babu. Anko Badru. Hakuna mila. Niliitunga mimi. Nilikuwa na hasira ya kufanywa yaya, nikataka Anko achekwe. Sikujua mtaiamini. Naomba mnisamehe, na naomba safari isife, kwa sababu Anti Mwamini anampeleka Hamidu kwa bibi yake, na mimi nilijua hivyo tangu mwanzo."

Babu akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mnaona shule za bweni?" akasema. "Wanarudi hawajui hata mila zao."

"Anatania huyo," baba akasema, akicheka kicheko kikavu. "Juli bwana, ana vituko."

"Sitanii, baba."

"Nenda kaoshe vyombo."

Wasomaji, nimesema uongo mwingi maishani, na wote uliaminiwa na watu wenye heshima zao. Siku niliyosema kweli nikaambiwa nikaoshe vyombo.

Nikachukua simu ya mama mezani, nikaipeleka mpaka puani kwa Anko Badru. "Anko, angalia picha ya kundi. Hilo ni ziwa. Walikuwa hawana jino hata moja. Walivuka kwenda, wakavuka kurudi, na Doto alilala njia nzima."

Mama akaweka kiganja mdomoni. "Yesu wangu," akasema. "Harusi ya mdogo wangu Maria."

Anko Badru akaitazama picha. Akaupapasa mgongo wa shati lake uliolowa. Akawatazama majirani juu ya ukuta, ambao safari hii hakuna aliyecheka. Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Akamgeukia baba, na uso ule sikuwahi kuuona.

"Masanja," akasema. Hakumwita mtani. "Tuweke utani pembeni, leo tu. Nimevaa kanga ya mke wangu, nimelia kama ng'ombe uani kwako, kwa sababu wewe uliniambia ni kweli. Mtoto nimemsikia. Sasa nataka kukusikia wewe. Mila hii ipo au haipo?"

Baba akamtazama babu. Babu akagundua redio yake ina tatizo kubwa la kitufe, akaiinamia. Baba akamtazama mama. Mama akalitazama beseni.

Kama angesema ipo, safari imekufa, na Anko Badru angerudi Kisarawe na sababu yake mkononi. Kama angesema haipo, amemwita ami yake mwongo mbele ya Mzaramo na mkewe na ukuta mzima, na yeye mwenyewe amejiita mwongo kabla yake.

Ndipo tukasikia sauti ya mwanamke mzee, inatoka chini, kando ya beseni. Hamidu alikuwa amekaa hapo mchangani, simu ya mama yake ameikumbatia, kioo kinawaka kwa simu ya video aliyoipiga mwenyewe.

"Hallo? Mwamini? Mbona naona miguu tu? Nani huyo anayesema hakuna mila? Nimesikia habari ya safari kufa. Imekufa vipi? Mimi nimeshatandika kitanda. Jamani, mnakuja au hamji?"

Hamidu akaibusu simu. "Bibi," akatuambia sisi, akitunyooshea tuione, kama mtu anayetambulisha mgeni.

Anti Mwamini alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa anamtazama baba yangu, kama sote.

Baba akavua kofia, kama wanavyoivua watu dukani Kisarawe, akafungua mdomo.